Fuata kibali, usifuate jini: shajara ya kusoma hadithi za giza za Kirusi

13 Januari 2024: Tumeanza

Wasomaji ni wanne. Mimi, mwalimu wa fizikia wa sekondari. Dada mmoja muuguzi wa zahanati. Mzee mmoja aliyestaafu ukarani wa mahakama. Na mjomba wangu, mhandisi mstaafu wa bandari, aliyesoma Leningrad, mji ambao leo ni St Petersburg, kuanzia 1980 mpaka 1986. Mahali ni barazani kwa mjomba, Tanga, Jumamosi moja kwa mwezi baada ya alasiri. Kazi yenyewe ni kusoma hadithi za kubuni za kisayansi zilizoandikwa na Warusi chini ya utawala wa Kikomunisti. Si zile za vijana wenye mashavu mekundu wanaopanda roketi huku wakiimba, bali zile za giza, na tutazame zinatuonyesha nini juu ya maisha ya mtu wa kawaida kule: alilala wapi, alipanga foleni ya nini, alimwogopa nani.

Tumechagua vitabu sita. *Sisi* cha Yevgeny Zamyatin, *Moyo wa Mbwa* cha Mikhail Bulgakov, na vinne vya ndugu wawili, Arkady na Boris Strugatsky: *Kisiwa chenye Watu*, *Konokono Mtelemkoni*, *Mji Uliohukumiwa* na *Pikiniki Kando ya Barabara*. Majina hayo ya Kiswahili tumeyatunga wenyewe. Watatu tunasoma kwa Kiingereza, mjomba kwa Kirusi kila kinapopatikana. Kitabu ni kimoja, kinapita mkono kwa mkono.

Njia niliyopendekeza ni jedwali la safu mbili. Kushoto tunaandika ajabu iliyomo kitabuni, kulia tunaandika kitu cha kweli kilichofichwa nyuma yake. Nimeshajaza nusu ya jedwali kabla hata hatujafungua kitabu: Mfadhili wa *Sisi* ni dikteta Stalin, minara ya *Kisiwa* ni redio, Kanda ya *Pikiniki* ni kambi za wafungwa. Nimejisikia mjanja sana.

Gharama: *Sisi* cha mtumba kutoka Dar 12,000, kifurushi cha basi 4,000, *Moyo wa Mbwa* cha Kiingereza 15,000, daftari kubwa 3,500.

17 Februari 2024: Kosa la kwanza ni langu

Nilikuja na kurasa mbili nilizoziandika kwa mbwembwe kueleza kwamba yule Mfadhili wa *Sisi*, mtawala mwenye mikono mizito anayechaguliwa kila mwaka bila mpinzani, ni Stalin mtupu. Mzee karani akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Mwalimu, kitabu kimeandikwa lini?"

"Elfu moja mia tisa na ishirini, ishirini na moja."

"Na Lenin kafa lini?"

Januari 1924. Yaani Zamyatin alipoandika, Lenin alikuwa hai na ndiye mwenye nchi, na Stalin alikuwa mmoja tu kati ya wakubwa wengi. Kesi yangu ikafutwa palepale.

Tuliporudi kwenye kitabu tukiwa tumemsahau Stalin, tukaona vingine. Zamyatin alikuwa mhandisi wa meli. Mwaka 1905 alikuwa Mbolsheviki, yaani wa kundi la Lenin, na serikali ya mfalme ikamfunga. Mwaka 1916 alipelekwa Newcastle, Uingereza, kusimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu, akarudi Urusi ya mapinduzi mwaka uliofuata. Sasa soma ule mji wake wa vioo, watu wenye namba badala ya majina wakiamka dakika moja, wakitafuna kila tonge mara 50 kwa hesabu. Inanuka kiwanda kuliko ikulu. Msimulizi mwenyewe, D-503, anamsifu Taylor, yule Mmarekani aliyewapimia wafanyakazi mikono yao kwa saa. Lenin naye mwaka 1918 alisisitiza mfumo wa Taylor ujifunzwe na utumike. Kwa hiyo mwandishi hakuwa anachora maisha yalivyo. Petrograd, jina la Leningrad miaka ile, ilikuwa na njaa, baridi na kadi za mgao, na mtu wa kutafuna mara 50 angetafuna nini? Alikuwa anachora maisha yaliyokuwa yakiahidiwa, na akaogopa ahadi.

Dada muuguzi ndiye aliyeona kitu kidogo ambacho mimi nilikiruka. Kuta ni za vioo, kila mtu anaonekana, na pazia linateremshwa kwa saa maalumu tu, tena ukiwa na tikiti ya rangi ya waridi inayotolewa na ofisi baada ya kupimwa damu. "Kumbe hata kuteremsha pazia ni kwa kibali," akasema. Nikaandika pembeni ya daftari, nikasahau.

Marekebisho: ukurasa wa kwanza wa kila kitabu daftarini utakuwa na miaka miwili tu, mwaka kilipoandikwa na mwaka kilipochapwa kwao. Cha *Sisi*: 1921 na 1988. Katikati hapo kilitoka kwa Kiingereza New York mwaka 1924, vipande vya Kirusi vikatoka Prague mwaka 1927, mwandishi akaandamwa, akamwandikia Stalin barua mwaka 1931 akiomba ruhusa ya kuondoka, akapewa, akafia Paris mwaka 1937.

16 Machi 2024: Jedwali limekufa

Ramadhani. Tulikutana baada ya tarawehe, kwa hiyo watu walikuwa na shibe na subira kidogo.

*Kisiwa chenye Watu*: kijana kutoka Dunia anaangukia sayari ngeni yenye nchi iliyojaa minara. Watu wameambiwa minara ni kinga dhidi ya makombora. Kumbe inarusha mawimbi yanayomnyima mtu uwezo wa kuhoji lolote, na mara mbili kwa siku yanapandishwa nguvu mpaka wote wanaimba na kulia kwa mapenzi ya watawala wao. Nikafungua jedwali: minara ni redio. Mjomba akacheka mpaka akakohoa.

"Sikiliza, mjomba. Ile redio ilikuwa ukutani jikoni. Ya waya, kitasa kimoja, cha sauti tu, hakuna kubadilisha stesheni. Saa kumi na mbili asubuhi inaanza na wimbo wa taifa. Hakuna aliyeizima kwa sababu hakuna aliyeisikia. Ilikuwa kama friji."

"Kwa hiyo watu hawakuiamini?"

"Nani alikuomba uamini? Uliombwa uhudhurie mkutano na unyooshe mkono."

Kisha dada akauliza swali lililoua jedwali kabisa. Kitabuni kuna wachache ambao mawimbi hayawalevyi, bali yanawaumiza kichwa vibaya, na nchi inawawinda. Na watawala wenyewe, wale wanaoimiliki minara, wamo katika hao wachache. Mara mbili kwa siku wanajifungia na kugaagaa. "Sasa redio gani hiyo inayomuumiza mwenye redio?" Safu ya kulia haikuwa na jibu. Nimeichana, nikabaki na safu ya kushoto peke yake, yaani orodha ya maajabu.

Kilichookoa jioni ni habari ya kitabu chenyewe. Kilitoka katika jarida la *Neva* la Leningrad mwaka 1969, kisha kama kitabu mwaka 1971, na katikati kikapita mikononi mwa wakaguzi. Shujaa alikuwa na jina la ukoo la Kirusi, Rostislavsky. Akageuzwa akawa na la Kijerumani, Kammerer. Watawala walioitwa Mababa Wasiojulikana wakawa Waumbaji Wabeba Moto. Mahali palipotofautiana kati ya maandishi ya awali na yaliyochapwa panakaribia 900. Hakuna aliyewaambia wakaguzi kwamba sayari ile ni kwao. Walijiona wenyewe humo, na kalamu yao nyekundu ni shahidi kuliko jedwali langu.

Gharama: kitabu 18,000, kifurushi 4,000. Tende za mjomba hazihesabiwi.

20 Aprili 2024: Karatasi ya chuma

Hiki ndicho kikao kilichotuonyesha njia, kwa hiyo nitakieleza kwa urefu.

*Moyo wa Mbwa* kiliandikwa mwaka 1925. Profesa wa Moscow anaokota mbwa wa mtaani, anampandikiza tezi za mtu aliyekufa, mbwa anageuka mtu: mlevi, mtukanaji, mwenye chuki na paka. Kila mtu alitaka kuzungumzia hilo, na mimi ulimi ulikuwa unaniwasha kusema mbwa ni nani. Mjomba akakataa. Akatufungulia sura nyingine, ile ambayo mbwa bado ni mbwa na amelala tu kwenye zulia.

Kamati ya nyumba inakuja kwa profesa. Ana vyumba saba, na miaka ile wenye nafasi walikuwa wanabananishwa, ndilo neno letu kwa lile la Kirusi: familia zinaingizwa ndani mwako, jiko moja, choo kimoja. Kamati inataka chumba cha kulia na chumba cha kupimia wagonjwa. Profesa habishani nao. Ananyanyua simu, anampigia mkubwa mmoja ambaye ni mgonjwa wake, anamwambia upasuaji wako umefutwa, mimi nafunga kazi. Kisha anataja anachokitaka: karatasi. Karatasi ya mwisho, ya kweli, ambayo ikishakuwepo hakuna mtu wa kusogelea hata mlango wake. Anaiita kwa neno la Kirusi linalomaanisha bamba la chuma la kifaru.

Mjomba alisoma mstari huo kwa Kirusi, akanyamaza, akaingia ndani. Akatoka na kopo la biskuti.

Ndani ya kopo, chini ya vyeti na picha, kulikuwa na kikadi kilichokunjwa mara moja. Kimekuwa laini kama kitambaa. Picha ya kijana mwenye nywele za duara ambaye sikumjua mpaka nilipoona masikio. Muhuri wa buluu umepita juu ya kona ya picha, nusu usoni, nusu kwenye karatasi. Ni pasi ya kuingilia bweni.

"Usiku mmoja wa mwezi wa pili nilirudi saa sita na nusu, hii nimeisahau darasani. Mlangoni alikuwa yule mama wa zamu. Ananijua mwaka wa pili huo. Jana yake tu alinipa chai na jemu. Nikasema mama, ni mimi. Akasema: pasi."

"Akakukatalia?" dada akauliza. "Na baridi ile?"

"Nikalala stesheni ya treni."

"Lakini si alikuwa anakujua?"

"Alinijua. Karatasi ndiyo haikuwepo."

Na kule mbele, mbwa akishakuwa mtu, jambo la kwanza analolidai ni hati za utambulisho. Anamwambia profesa waziwazi kwamba mtu asiye na hati amepigwa marufuku kabisa kuwapo duniani. Wasomaji wengi hucheka hapo. Mjomba hakucheka.

Hapo dada akachukua daftari, akafungua nyuma mpaka Februari, akaweka kidole kwenye mwandiko wangu wa pembeni: pazia, kibali. Tukaichora upya safu ya kulia. Swali lake sasa ni hili: hapa mtu anahitaji karatasi gani, na nani anaitoa? Majini, mbwa na minara tumeviacha vibaki vilivyo.

Kosa la kikao: baada ya hapo tulipotea saa mbili nzima. Mzee karani alianza habari za msako wa wahujumu uchumi wa 1983, mimi nikaingiza mjumbe wa nyumba kumi, foleni za sukari, na mara *Moyo wa Mbwa* kikawa kitabu cha Tanzania. Si kweli, na tulijua si kweli. Mjomba alituweka sawa kwa jambo dogo tu. Foleni ya kwetu ilikuwa ya kusukumana. Kule unafika, unauliza "wa mwisho nani?", unamkariri sura, unamwambia mimi niko nyuma yako, kisha unakwenda kupanga foleni nyingine ukiwa umebeba kile kifuko cha nyavu walichokipa jina linalotokana na neno lao la "huenda": huenda leo nikakuta kitu. Kanuni mpya ya kikundi: mambo ya nyumbani yana nusu saa ya mwisho tu.

Miaka: 1925 na 1987. Mwaka 1926 polisi wa siri walipekua kwa Bulgakov na kuuchukua mswada. Mjomba aliondoka kule mwaka mmoja kabla kitabu hakijachapwa. Miaka sita katika nchi ile, na hakuwahi kukisikia.

25 Mei 2024: Konokono, na mvua

Masika. Kitabu kililowa maji mfukoni mwa mzee karani akiwa kwenye bodaboda, kurasa zikashikana. Tulichojaribu: juani, zikajikunja. Kilichofaa: karatasi za gazeti kati ya kila kurasa chache, tofali juu yake, siku nne. Bei ya kitabu 20,000, kwa hiyo tofali lilistahili.

*Konokono Mtelemkoni* kina nusu mbili, msituni na ofisini. Ya msituni hatukuielewa vizuri na sitajifanya. Ya ofisini tuliielewa mpaka tukaumwa. Kuna Idara inayoshughulikia Msitu, na humo kuna mtu aitwaye Perets, maana yake Pilipili, na mjomba hakumwita vingine. Pilipili anataka kuuona msitu tu. Hapati ruhusa ya kuingia msituni, wala hapati gari la kuondoka. Usiku anaamshwa hotelini kwa sababu viza yake imekwisha saa sita kamili, anatolewa nje na mizigo yake. Safu ya kulia ilijaa kurasa tatu.

Jambo moja lilitutia baridi. Mkurugenzi anahutubia wafanyakazi wote kwa simu, kila mmoja kwenye kifaa chake. Pilipili anasikiliza kwa simu ya mtu mwingine, anasikia upuuzi usio na kichwa wala miguu. Hotuba inaeleweka kwa simu yako tu. Na mwishoni, bila kuomba, Pilipili mwenyewe anakuwa Mkurugenzi. Anatakiwa atoe agizo, lolote. Kwa mzaha anasema watumishi wa kundi la Kung'oa Mizizi wajiue leo. Katibu anaandika. Hakuna anayecheka, maana ameishaandika.

Miaka: 1965 na 1988 kwa kitabu kizima. Nusu ya ofisini ilitoka mwaka 1968 katika jarida la *Baikal*, huko Siberia, na matoleo yale yakaondolewa maktabani.

29 Juni 2024: Waipa ya vani

Huu ni ubahili wangu. *Mji Uliohukumiwa* kwa Kiingereza ni ghali, nikasema tujaribu kwanza kurasa za mwanzo za Kirusi kwa programu ya kutafsiri ya simu, moja kwa moja hadi Kiswahili. Nikatuma matokeo kwenye kundi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mapipa ya takataka yaliyoshika kutu, sawa, kisha ukasema waipa ya vani inayaburuta mapipa hadi getini. Dada akauliza kama hii ndiyo sayansi yenyewe, magari yanayozoa taka kwa waipa. Mzee karani akaandika nusu ukurasa wa uchambuzi kuhusu mashine kuchukua kazi za watu. Tulikaa na waipa ile siku nane.

Mjomba alipopata nafasi ya kutazama Kirusi, alinipigia simu akicheka hata salamu hakumaliza kuitikia. Van ni mtu, Mchina. Na neno lile la Kirusi, *dvornik*, ni mfagiaji na mlinzi wa uwanja wa nyumba. Wingi wake ndio umekuja kutumika pia kwa waipa za gari. Tena alikuwa mtu mzito zaidi ya ufagio wake. Enzi za Stalin, polisi wakija usiku kukamata mtu, mara nyingi mfagiaji ndiye aliyeamshwa asimame kama shahidi wa upekuzi.

Nikanunua kitabu, 32,000, juu ya 5,000 za bando nilizozitupa.

Mji wenyewe uko mahali pasipojulikana, na jua linawashwa na kuzimwa kama taa. Wakazi wametolewa nchi na miaka mbalimbali: Mrusi wa Leningrad ya 1951, askari wa Kijerumani wa vita vya Hitler, profesa wa Kimarekani, Van. Kila mtu anasema lugha yake na wote wanaelewana. Wanaambiwa hili ni Jaribio, na Jaribio ni Jaribio, basi. Kazi zinagawiwa na mashine: leo mzoa taka, kesho mpelelezi, keshokutwa mhariri. Van anakataa kuhamishwa. Anataka abaki na ufagio, kwa sababu aliko ni chini kabisa na hana pa kuanguka.

Mjomba alipoifikia mashine ile alisema neno moja la Kirusi, *raspredelenie*, ugawaji. Mwanafunzi akimaliza chuo alisimama mbele ya kamati, akapangiwa kazi na mji kwa miaka mitatu. Yeye kama mgeni hakupangiwa, alirudi nyumbani, lakini aliwasindikiza wenzake hadi mlango wa chumba kile. Mmoja alitoka ameandikiwa mji ulioko siku saba za treni. "Alikuwa anacheka," akasema mjomba, "yule jamaa alikuwa anacheka kweli, kwa sababu mwenzake aliyemtangulia kapelekwa mbali kuliko yeye."

3 Agosti 2024: Taipuraita

*Mji* kilimalizika mwaka 1972 na ndugu wale hawakukipeleka kwa mhariri yeyote. Nakala zikafichwa kwa marafiki wa kuaminika, kitabu kikatoka 1988 na 1989. Vitabu vya aina hiyo vilivyosambaa kwa siri vilipigwa taipu kwa kaboni, tena na tena, msomaji akipewa pengine usiku mmoja. Tukasema tujaribu: ukurasa mmoja wa muhtasari wetu wenyewe, nakala tano kwa mpigo.

Mzee karani analo taipuraita la zamani. Utepe umekauka. Tanga nzima hatukupata utepe. Jaribio la kwanza: tuliunyweshea wino wa mihuri, 2,000. Wino ukafurika, kila a na e na o ikaziba ikawa nukta, ukurasa kama umetembelewa na siafu. Jaribio la pili: fundi wa kulainisha vyuma, 10,000, vyuma vikalainika lakini wino haukuongezeka. Suluhisho lilitoka kwa mzee mwenyewe, mbinu ya mahakama ya mwanzo: ondoa utepe kabisa, weka kaboni juu ya karatasi ya kwanza pia, herufi zigonge kaboni moja kwa moja. Inafanya kazi safi. Pakiti ya kaboni 6,000, karatasi nyembamba 4,000. Karatasi nene usijaribu, nakala ya tatu inakuwa uvumi tu.

Hata kwa nyembamba, nakala ya nne ilififia, ya tano unaisoma kwa kuiinamisha dirishani. "Gonga kama una kesi na mtu," mzee aliniambia. Ukikosea herufi unaifuta mara tano. Ukurasa mmoja ulituchukua dakika 47. Kwa kitabu cha kurasa 400 ni zaidi ya saa 300, na hapo una nakala tano.

Ila lililonigusa zaidi ni kelele. Tulikuwa ndani, mlango umefungwa, na baada ya mistari kumi mtoto wa jirani alikuwa dirishani anauliza, "Babu, mnagonga nini?" Nikaangalia ukuta wetu, wa tofali za inchi sita. Mjomba akasema kule kwenye nyumba za kubananishwa chumba kimoja kiligawanywa kwa mbao, na jirani alijua hata ukigeuka kitandani. Mpigaji wa saa 300 alikuwa na majirani.

7 Septemba 2024: Pikiniki, na hesabu

*Pikiniki* kinahusu wageni waliotua duniani, wakaondoka, wakaacha takataka zao kama watu waliotoka kula kando ya barabara. Mahali hapo panaitwa Kanda. Kuna mauti humo na kuna vitu vya thamani visivyoeleweka, na kuna watu wanaoingia usiku kuviiba.

Nilifungua ukurasa wa Januari kwa aibu: Kanda ni kambi za wafungwa. Mjomba akasema, "Mjomba, nani anaiba njia aingie kambini?" Kweli. Isitoshe mji wa hadithi, Harmont, hauko hata Urusi. Ni wa nchi ya kibepari, una baa na polisi wa kwao. Nusu ya kikao tulishindwa kuona Ukomunisti uko wapi humo. Safu ya kibali ndiyo iliyotuonyesha. Redrick, shujaa wa kitabu, anaingia Kanda ileile kwa njia mbili: mchana kwa pasi ya Taasisi, kama msaidizi wa maabara, na usiku bila pasi, kama mwizi. Mtu yuleyule, miguu ileile. Mjomba aliwakumbuka wauza nyama waliotoa mfupa kwa foleni ya mbele na mnofu kwa mlango wa nyuma, wote mchana mmoja.

Kilitoka kwa vipande katika jarida la *Avrora* mwaka 1972. Kufika kuwa kitabu kilichukua mpaka 1980, barua juu ya barua, na malalamiko ya wahariri hayakuwa ya siasa: lugha chafu, ulevi, ukatili. Filamu yake, *Stalker* ya mwongozaji Tarkovsky, mjomba aliiona Leningrad na akalala. Aliondoka nchini mwezi wa saba 1986, miezi mitatu baada ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl kulipuka, na miaka baadaye alisikia kwamba wanaoingia kwa kificho katika eneo lililofungwa kule wamejipa jina hilohilo la filamu.

Mwisho wa kitabu Redrick amefika mbele ya tufe la dhahabu linalotimiza matakwa, na hana neno lake mwenyewe. Anarudia maneno ya kijana aliyemwacha afe njiani: furaha kwa wote, bure, na asiondoke mtu amenyimwa. Dada akauliza kwa nini hana maneno yake. Mjomba alikuwa anatazama barabarani. "Hayo yalikuwa ukutani," akasema. "Kila ukuta."

Gharama za kitabu 20,000 na kifurushi 4,000. Jumla ya mradi tangu Januari 159,500, yaani 39,875 kwa kila msomaji, kashata na chai vikiwa juu ya mjomba. Hasara ya kuepukika: 5,000 za bando na 12,000 za wino na fundi.

Nakala ya tano ya ule ukurasa wa taipu, isiyosomeka vizuri, mjomba kaiomba. Imo ndani ya kopo la biskuti.

Jana mwanafunzi wa kidato cha sita alinisimamisha shuleni, kasikia habari za Kanda, anakitaka kitabu. Sasa kiko kwa dada, kisha mzee karani, kisha mimi. Nikamwambia wa mwisho ni mimi.